Jaribio la Nusu Saa

Saa ilitaka nusu saa ya mbio zisizo na huruma
ndipo iniambie kizingiti changu kiko wapi:
ni mpigo wa ngapi moyo huacha kukopa
na kuanza kulipa.

Nikatoka Mikindani baada ya alasiri,
lami ingali moto, mikorosho imechanua,
harufu yake hadi kooni.
Dakika ya kumi: mia na sitini na moja.
Ya kumi na nane: mia na sabini na mbili,
na hata jina la Somoe lisingetamkika.

Kwenye kona ya ghala, jeneza.

Marehemu simjui.
Mtu akanifunga msuli juu ya bukta,
nikaingiza bega,
hatua arobaini na viatu vyangu vya njano,
mpaka bega jingine likanipokea.
Saa ikatetemeka: umepumzika?
Kisha: jaribio halikukamilika.

Usiku kocha Chinguile anaukuza mchoro kwa vidole.
Pale mwendo uliposhuka, mstari umepanda,
mia na themanini na nne.
Anakuna kidevu.
“Barabara ile naijua, tambarare tupu.
Hiki kilima umekitoa wapi?”