Karani wa Mizani

Miaka thelathini na mmoja nilikaa kibandani, kwenye mizani ya miwa, Mumias.
Trekta inakuja imejaa, naandika.
Inarudi tupu, naandika.
Toa ya pili kwenye ya kwanza: huo ndio muwa.
Kwa hiyo Nabwire aliponiuliza, tukitoka sinema Kisumu,
bisi zingali zimenata kwenye sweta yangu,
"Shangazi, ipi nzuri, hii au ile yenu ya zamani?"
nilimwambia ningoje. Sijamaliza kupima.

Hii mpya, kusema haki, imeshiba.
Farasi anapumua hadi kiti kinatetemeka.
Jangwa lina rangi ya ugali wa wimbi,
na yule mwanamke wa kisimani, ambaye zamani
alipewa neno moja tu na ndoo,
sasa ana jina, ana bunduki, ana hoja.
Nilimpigia makofi peke yangu. Watu wakageuka.

Ile ya kale ililetwa na gari la sinema
kila Jumamosi ya mshahara,
shuka limetundikwa ubavuni mwa ghala la mbolea.
Jenereta ilimeza mlio wa kwato.
Msimu wa kuchoma miwa, majivu yalipita kwenye mwanga
yakatua juu ya kofia za wale wazungu,
tukadhani ni ya kwao.
Na mvua! Mkanda ulikuwa umekwaruzika mwanzo hadi mwisho,
mistari myeupe, wima, isiyokatika,
tukaamini huko jangwani kunanyesha kila siku
na bado nyasi haioti. Tuliwahurumia.
Ndiyo maana Osundwa, aliyetafsiri kwa kipaza sauti,
alimwita mpanda farasi Wafula.
Mtu anayefika na mvua, utamwitaje?
Mkuu wa polisi alikuwa Chifu.
Majambazi walikuwa wezi wa ng'ombe kutoka ng'ambo ya Nzoia,
na waliotoka ng'ambo ya Nzoia walizomea.

Wafula alikuja kudai saa ya marehemu babake.
Hilo halijabadilika. Saa ni ileile, mnyororo uleule.
Lakini mkanda wa tatu uliungua Butere kabla haujafika kwetu,
basi mlango wa baa ukifunguka
kinachofuata ni kaburi.
La nani? Hapo katikati Osundwa
aliziba taa kwa kiganja, akatusimulia.
Mwezi mmoja Wafula alisamehe.
Mwezi mwingine alimuuliza mwizi, "Saa ngapi?"
na mwizi akaifungua, akakuta imesimama, wakalia wote wawili.
Mwaka kiwanda kilipochelewesha malipo
Wafula aliipokea saa, akaiuza, akanunua unga.
Hakuna aliyecheka.

Leo nimeonyeshwa. Dakika sita, nimehesabu.
Mwizi anapiga magoti, risasi inaingia polepole,
damu inatoka tone kwa tone, kila tone limeoshwa likang'aa.
Kumbe.
Kaburi ni la mwizi. Limeandikwa hadi tarehe.
Juu yake jua kali, wala hakuna mstari hata mmoja wa mvua,
na yule kijana wanamwita jina jingine.

Haya, Nabwire, andika.
Hii mpya: tani nyingi, trekta na tela pamoja.
Ile ya kale: toa mvua, ambayo haikuwa mvua,
toa majivu, toa jenereta,
toa Osundwa, aliyezikwa Matungu bila kipaza sauti,
toa miaka yangu kumi na minne na viatu vya dada yangu nilivyoazima.
Mshale unarudi karibu na sufuri
na bado kuna kitu hakijashuka jukwaani.

Nakiona: kiganja mbele ya taa,
wekundu ukipenya kati ya vidole,
shuka zima rangi ya ndani ya mdomo,
na sisi, watu mia tatu,
tumenyamaza, tunatazama.