Kifungu cha Kumi na Nne

Siku ya kwanza tulikuja na maneno makubwa:
dola, mamlaka, mkataba wa jamii.
Profesa Sigrun Eyolfson akavua glavu,
akapangusa theluji kwenye miwani,
akatugawia fomu ya kuomba bomba la maji.
"Jazeni. Mna dakika kumi."

Hakuna aliyefika mwisho.
Kifungu cha kumi na nne kilidai namba
inayotolewa na ofisi
isiyotoa namba mpaka fomu ijazwe.
Tukacheka. Yeye hakucheka.
"Dola ndiyo hii," akasema,
akaikunja yake, akaitia mfukoni.

Winnipeg, Januari, madirisha yameota manyoya ya barafu.
Miaka thelathini na mmoja katika chumba kile kile,
utawala wa umma, saa mbili asubuhi,
somo ambalo wenzake wa ghorofa ya juu
waliliita somo la makarani.
Wao walikwenda makongamanoni, wakarudi na mikoba mipya.
Yeye alitupeleka kupanga foleni.

"Nendeni kaunta ya kodi ya majengo. Msiulize kitu.
Simameni, mhesabu
ni mara ngapi mtu anaambiwa njoo kesho,
na huyo anayeambiwa
amevaa viatu gani."
Viatu! Nikadhani mama huyu kachoka.
Nikarudi na daftari limejaa viatu.

Wiki ya tisa alikuja na faili la kijani.
Kabla ya shahada zake alikuwa karani Selkirk,
mji wa kando ya Mto Mwekundu,
binti wa miaka ishirini na miwili, mwandiko safi.
Barua ilikuwa yake mwenyewe. Akaisoma
kwa sauti isiyopanda wala kushuka:

*Kwa Bwana Wasyl Hnatiuk.
Ombi lako la ruzuku ya kupasha nyumba moto
limechelewa kwa siku mbili.
Kwa mujibu wa kanuni ya sita, tunasikitika.*

"Tafuteni kosa."
Tukatafuta. Tarehe sahihi, kanuni sahihi,
muhuri umenyooka, hata nukta zimekaa mahali pake.
"Hamtaliona," akasema. "Nami sikuliona.
Februari ile walimkuta jikoni,
koti juu ya koti,
barua yangu mezani, ameitandaza vizuri,
kama mtu anayejitahidi kuielewa."
Kisha akafunga faili,
akauliza nani amesoma sura ya kumi.

Siku alipostaafu ilikuwepo keki.
Mkuu wa idara alikosea jina lake mara mbili,
naye hakumsahihisha.
Alikuwa anamtazama mfagiaji
aliyesimama mlangoni na ndoo, akingoja tumalize.

Mimi nakaa kaunta ya tatu sasa, vibali na ruzuku.
Sina ushujaa wa kusimulia.
Kanuni ya sita ingali hai, imepewa namba nyingine tu,
na kuna siku, tumbo likiuma, mvua ya barafu ikipiga,
nimewahi kusema njoo kesho
kwa wepesi wa mtu anayesema habari za asubuhi.

Leo amekuja mama mmoja, fomu imechelewa siku nne.
Maneno yalishanifika ulimini.
Nikainama, nikachungulia chini ya kaunta:
raba za kiangazi, amezifunga mifuko ya plastiki.

Nimepiga simu ghorofa ya pili.
Nimehamishwa. Nimengoja. Nimehamishwa tena.
Foleni nyuma yake imeanza kunung'unika,
na ni haki yao, nao wana viatu vyao.

Bado sijajibiwa.
Mama amekaa kwenye benchi, mkoba mapajani,
na chini ya raba zake theluji inayeyuka,
inatambaa polepole kwenye sakafu ya serikali.