Vipande Elfu

Baba aliuza trekta dogo la kukatia nyasi.
Mama akauza piano ya nyanya yake,
iliyokosa sauti tangu sijazaliwa
lakini haijakosa hata siku moja kufutwa vumbi.
Mimi, Femke, mwenye miaka kumi na minne,
niliuza keki za tufaha mlangoni pa kanisa,
theluji ya Iowa ikiniuma masikio.

Elfu thelathini na mbili, alisema wakili.
Dola. Kwa watoto wawili wa tumbo moja,
Radko wa miaka tisa, Zornitsa wa sita,
huko Bulgaria, katika nyumba ya vitanda kumi na vinane
na dirisha moja linalotazama reli.
Hayo tuliyajua kwa picha.
Kama walikuwa wakiota, na wakiota nini, hatukujua.

Haba na haba hujaza kibaba, sawa,
ila kibaba chetu kilikuwa na tundu:
ada ya muhuri, ada ya tafsiri,
ada ya kutafsiri muhuri,
na alama za vidole vya Baba zikapitwa na muda
kana kwamba vidole huchacha kama maziwa.

Ndipo Mama akanunua fumbo la picha,
vipande elfu, ziwa na milima isiyo ya kwetu.
Akatangaza: kipande dola kumi,
na jina lako tutaliandika mgongoni mwake.
Bwana Dykhuis wa duka la misumari alinunua arobaini,
akaandikisha majina ya ng'ombe
aliowauza mwaka wa ukame.
Mwalimu wa hesabu alinunua saba, akadai risiti.
Shangazi Aaltje alinunua kimoja, cha pembeni,
akauliza, "Na wa hapa je? Yatima wa Iowa wamekwisha?"
Mama hakujibu.
Alimimina kahawa mpaka ikafurika kisahani.

Usiku nililisikia swali hilo likitembea juu ya dari.
Likafuatwa na langu, jepesi, lenye miguu ya panya:
mtoto anapogharimu, nani hulipwa?
Si yeye.
Si yule aliyembeba tumboni.
Uchungu wa mwana, husema, aujuaye mzazi,
na katika faili la kurasa mia mbili na kumi
mzazi yule alipewa mstari mmoja:
mama, hajulikani alipo.

Nilikuwa na dola kumi za kuzoa theluji uani kwa watu.
Nikanunua kipande.
Nikaandika kwa penseli: Mama yao.
Nikakichanganya na vingine, sikumwambia mtu.

Walifika Machi na mabegi mawili yasiyojaa.
Zornitsa alificha mkate chini ya mto.
Radko alihesabu milango kila jioni,
akifika wa nne anaanza upya.
Fumbo lilikuwa ukutani, kati ya vioo viwili,
na hakuna aliyelitazama,
kama kitu chochote kilichokwisha kulipiwa.

Mwaka wa pili, alipojua kusoma lugha yetu,
Radko aliliteremsha, akaligeuza,
akapita kwa kidole, jina hadi jina.
"Huyu Klaartje ni nani?"
"Ng'ombe."
Akacheka, kwa mara ya kwanza, meno yote nje.
Kisha kidole kikasimama.

"Hapa aliandika nani?"
"Mimi. Sikujua jina lake."

Alifungua kulabu za fremu, bila haraka.
Akakitoa kile kimoja, kama anayetoa mwiba,
akaifuta penseli yangu,
akaandika, kwa herufi za kwao,
neno fupi nisiloweza kulisoma.
Sikumwomba anisomee.
Kipande kiligoma kidogo kurudi mahali pake,
akakibonyeza kwa dole gumba.

Kwa mbele, ni ziwa tu.
Mama akaita chakula.
Alikwenda na vumbi la kifutio mikononi,
na kwa siku hiyo, hakunawa.