Nilitaka Kusema Miwani

Mwanangu Mashauri alipopiga simu kutoka Denmaki
akauliza, Baba, nikutumie nini,
nilitaka kusema miwani.
Ulimi ukasema meli.

Baada ya wiki saba ikaja, ndani ya boksi:
vipande mia tatu na kumi na mbili,
uzi wa rangi mbili, misumari kama mayai ya chawa,
na kitabu cha maelekezo chenye vidoti juu ya herufi
ambacho si mimi wala Minza wa darasa la sita
tuliyeweza kukisoma zaidi ya picha.

Miaka thelathini na moja nilichomelea pale Mwanza Kusini.
Meli kwangu ni bamba na cheche,
ni mkono huu wa kulia ulioshika moto usitikisike.
Sasa umelala pajani kama paka wa jirani.
Dada wa mazoezi kule Bugando alilitazama boksi,
akacheka: Dawa ndiyo hii, mzee. Kutwa mara tatu.

Tukaanza barazani, Bugarika, juu ya mawe,
meza yetu ni mlango wa kabati lililovunjika.
Minza akatunga sheria:
hanipi kipande mpaka nikitaje.
Majina alikwenda kuyachukua kwa Makame muuza nazi,
Mpemba anayejua kila mfupa wa chombo.

Mkuku, akasema Minza.
Mkungu, nikasema.
Akakificha mgongoni.
Mku. Mkuku.
Taruma nililitamka mara ishirini na nne,
kwa kuwa mataruma ni ishirini na manne
na mtoto huyu hasamehe.
Foromali ilinila siku mbili.
Shetri ilitoka kama chafya.
Usiku, mezani, nikaomba tanga nitie kwenye mchicha.
Mke wangu akanisogezea chumvi bila kuuliza.
Jina lake ndilo lililokwama. Tangu Machi
namwita wewe.

Kipande namba sitini na tatu hakikuwamo.
Tulikitafuta mpaka ndani ya debe la unga.
Nikakichonga kutoka mpini wa mwiko,
kushoto kukichonga, kulia kukishikilia.
Kukishikilia!
Sikujua mpaka nilipoona Minza amenyamaza.

Kitabuni palikuwa na picha ya beseni, imepigwa mkasi mwekundu:
meli hii si ya majini.
Tukaiweka majini.
Ikalalia kulia, kama mimi.
Makame, aliyekuwa anapita na toroli lake, akasema
haina farumi, mtaizamisha bure.
Tukapenyeza kokoto kwenye tundu la sitaha, mojamoja,
punje za mawe ya kilima hiki hiki,
hadi iliposimama.
Si wima kabisa. Ilisimama.

Siku ya vanishi usubi ulipanda kutoka ziwani
kama moshi wa nyumba inayoungua,
ukaingia masikioni, ukaingia chaini.
Mmoja akanasa karibu na usukani, mabawa juu.
Minza akachukua sindano amtoe.
Mwache, nikasema. Huyo ni na… na…
Neno lilizunguka kinywani kama pipi.
Nahodha.

Ikabaki shetri tupu.
Tuandike nini, Babu?
Nilijua. Nilikuwa nalijua siku zote,
lilikaa kifuani likiwa zima, na nyusi zake, na kanga yake.
Nya, nikasema.
Akaandika N, akaandika Y, akaandika A,
akangoja, brashi ikidondokea goti lake.
Nya, nikasema.
Rangi ikakauka.

Yeye mwenyewe akapita na ndoo ya maji,
akainama, akasoma.
Rangi imewaishia?

Minza akaniangalia.
Haijaisha, nikasema.

Basi malizeni, akasema Nyanjige,
maji ya kuoga yanapoa.