Chujio

Hapa kituoni, mashariki ya Grinilandi,
mtandao hupimwa kama mafuta ya taa:
kila herufi ishukayo toka setelaiti ina bei.

Basi usiku mmoja, glavu moja mkononi,
niliiagiza seva kulekule Nuuk:
chenye "mkopo", futa.
Chenye "vidonge", futa.
Chenye "shinda" ndani yake, kwa umbo lolote,
futa, kisishuke,
kisibishe hata hodi.

Asubuhi barua mbili tu:
bei ya dizeli,
na daktari wa meno, kuwa mwaka huu haji.
Kimya kilichobaki nilikinywa na kahawa.

Miezi minne nilijisifu.

Julai barafu ikaachia meli ya kwanza,
akashuka mdogo wangu Ulloriaq, amevimba:
"Pipaluk, hata hongera?"

Mashindano ya Machi. Mbwa wake kumi na mmoja.
Alikuwa ameniandikia usiku uleule,
na juu ya barua, kwa herufi kubwa:
TUMESHINDA.

Chujio halijui ndugu.

Sheria sikuifuta. Niliongeza mstari juu yake:
akiwa Ulloriaq, mpishe,
hata akileta upuuzi,
hata akiuza vidonge.