Pimamaji

Nilifunga mashine sakafuni kwa bolti nane,
nikakaza mpaka spana ikalia,
nikasema: sasa haitikisiki hata ije gharika.
Kumbe nimelifunga jengo zima kwenye mashine.

Ghorofa ya tatu, Liepaja, upande wa reli,
jengo la mabamba ya zege yaliyounganishwa
na watu waliokuwa na haraka ya kwenda nyumbani.
Jino lilipouma ubao wa mwaloni
sakafu ikawa ngozi ya ngoma,
na ndani ya ngoma umo wewe, Skaidrite,
uliyekabidhi tramu alfajiri
ukajifunika blanketi hadi masikioni.

Ulipanda ngazi na soksi zisizofanana.
Hukufoka. Ulisema tu:
"Meno yananiuma, na sina jino bovu."
Wasemao kelele za mlango haziwanyimi usingizi
hawajalala chini ya kitu nilichokiunda
kwa reli za printa kuukuu
na mota tatu za kununua kwa mafungu.

Nikafungua bolti.
Nikapasua mipira ya tenisi, nusu kila pembe.
Sakafu ikanyamaza, mashine ikalewa:
mkono ulipogeuka ghafla
mwili mzima uliyumba ukaufuata,
na ukingo wa ua nililokuwa nachonga
ukatoka na mikunjo, midogo, sawasawa,
kama mchanga maji yalipojitoa.
(Ua la kalibu ya biskuti za tangawizi.
Soko la Desemba, oda arobaini,
malipo ya awali nimeshayala.)

Ngumu, inakuamsha.
Laini, inaniharibia.
Siku tisa nilikaa katikati ya maneno hayo mawili
nikinywa chai iliyopoa.

Ya kumi, nikajaza mchanga ndani ya mabomba ya fremu.
Niliukaanga kwanza kwenye sufuria ya supu,
maana mchanga mbichi hula chuma toka tumboni.
Awali ukigonga bomba liliitika ngiiiii,
likauliza chumba kizima, chumba kikajibu.
Sasa: du.
Basi.

Kisha bamba la zege, kilo tisini, ngazi hamsini na nne.
Binamu yangu Visvaldis alishika upande wa chini
na akaitukana kila ngazi peke yake, bila kurudia tusi.
Mashine juu ya zege, imekazwa kwelikweli.
Zege juu ya raba nene, halikukazwa na kitu.
Uzito ushike, raba isahau.
Nilipoweka pimamaji juu,
kile kipovu kilisitasita, kikarudi kati.

Lakini kipovu changu kinajua mlalo tu.
Mtetemo ulihitaji pimamaji nyingine:
wewe jikoni kwako, simu sikioni,
glasi mezani imejaa hadi mdomoni;
mimi juu, kidole kwenye kitufe.

Mizunguko elfu kumi?
"Yametulia."
Kumi na mbili?
"Pete. Pete ndani ya pete."
Kumi na tatu?
"Yamemwagika, ngoja nifute."
Kumi na tano?
Kimya. Nikadhani simu imekatika.
"Niseme nini? Yamelala."

Nikaandika kwenye fremu kwa kalamu nyekundu:
kumi na mbili hadi kumi na nne, pita haraka, usikae.
Kila chuma kina mahali pake pa kuropoka.

Jana nilishuka na biskuti za kwanza,
ua limekatwa safi, ukingo kama wembe.
Glasi bado ilikuwa mezani, sijui kwa nini hukuiondoa.
Juu, mashine nilikuwa nimeizima.
Tukiwa tunatafuna, maji yakapiga pete moja, pana,
taratibu, mpaka ukingoni.
Nikaweka biskuti chini, nikaanza kuomba radhi.

"Hiyo si yako," ukasema, ukitazama dirishani.
"Huyo ni Mirdza, na tramu ya saa tisa.
Nimemwambia mara ngapi
asiingie ile kona kwa kasi."