Kigae Nambari Kumi na Saba

Bamvua la mwezi mwandamo, maji yamekupwa Mbaraki.
Nimelala kifudifudi juu ya gati
navuta kamba ya kigae nambari kumi na saba,
plastiki ya kijivu, upana wa viganja viwili.
Tulikitundika Shaabani
kama mtu atandikaye kitanda akiomba kisilalwe.

Kimelalwa.

Chaza wetu wapo, nawajua kwa sura.
Sponji ya manjano. Mirija myeupe ya minyoo.
Na pembeni, penye tundu la kamba,
kombe mdogo kuliko ukucha wa mtoto,
ana milia ya hudhurungi,
amejishonea hapo kwa nyuzi zake mwenyewe.
Kadzo akalamba kidole, akapekua kitabu cha picha
kilichovimba kwa chumvi,
mara mbili, mara tatu.
"Huyu si wetu."

Meli hunywa bahari za watu zisiyumbe,
zikifika Kilindini huyatapika maji ya farumi
bila hata hodi.
Mgeni njoo, mwenyeji apone:
aliyesema hakuwahi kuhesabu makombe.
Huyu chumvi anaiweza, maji baridi anayaweza;
mwache mwaka mmoja, ataupanda Mto Kombeni
akazibe mabomba.

Nikapiga simu ofisini. "Andika barua."
Nikaandika. Barua inatembea, kombe anazaa.
Siku ya nne Mwinyihaji akazama na wenzake,
wakazivika nguzo sita
turubai la bluu tulilokodi kwa watu wa harusi,
wakamimina klorini humo ndani, wakakaza kamba.
Wiki mbili nguzo zilikaa eda.
Tulipozifunua, magamba yalikuwa wazi, matupu.
Tukanunua viazi karai, tukala tumesimama.

Kisha Tudor. Kigae nambari thelathini na moja.
Mmoja. Milia ileile.

"Hori hii haiingii meli," Kadzo alisema,
na sote wawili tukaitazama ndoo:
kamba yetu, mbichi bado,
ndoo moja, asubuhi moja, maji mawili.

Kwenye fomu pana nafasi: Aliingiaje?
Nimeandika: kwa mkono wetu.

Leo kamba imeanikwa uani, Mishomoroni,
katikati ya kanga za mama,
siku ya sita juani.
Mtoto wa jirani ameambiwa asiiguse.
Hajui kwa nini.
Anaizunguka kwa mbali, kama nyoka.